Gitaa la Hawaii Tulilolinunua Port Bell

Wazazi wetu, ndugu na rafiki wote wa hapa Nakivale: Tangu tulipotoka safari wengi wametusimamisha njiani, kwenye bomba la maji, hata kwenye foleni ya mgao, wanauliza: ile pesa ya gitaa imefika wapi? Ni haki yenu kuuliza. Mlichanga shilingi 312,000. Wengine walitoa 1,000, wengine 500, na mama mmoja alileta vikombe viwili vya maharagwe tukaviuza. Basi sisi walimu wawili wa kujitolea mliotutuma tunaeleza tulinunua nini, kwa nini tulichukua kitu kikuukuu, na tulivyofanya mpaka kikalia vizuri.

Wote mnajua jambo lilianzia kwa mvulana mmoja wa darasa la sita, jina tunaliacha. Mkono wake wa kushoto uliungua akiwa mdogo. Kidole cha pete na kidole cha mwisho havikunji kabisa, na cha kati kinakunja nusu. Gitaa la kawaida linataka vidole vya kushoto vikunje na kubana nyuzi, kwa hiyo kwake mlango ulikuwa umefungwa. Lakini mtoto huyo alijitengenezea gitaa kwa debe la mafuta ya msaada na nyuzi za breki ya baiskeli, akalilaza mapajani, akawa anatelezesha betri la tochi juu ya nyuzi. Sauti ilikuwa mbaya, tuseme kweli, lakini wimbo ulikuwa unasikika. Hakuna aliyemfundisha. Siye tulipomwona tukasema: kumbe huyu anapiga gitaa la Hawaii, na halijui hata jina.

Gitaa la Hawaii ni lile linalolazwa mapajani. Nyuzi zake zimeinuliwa juu sana, hazibanwi kwa vidole. Mkono wa kushoto unashika kipande cha chuma na kukitelezesha, mkono wa kulia unachomoa nyuzi. Inasimuliwa kwamba kijana wa visiwa vya Hawaii, Joseph Kekuku, ndiye aliyeanza kupiga hivyo karibu na mwaka 1889. Na gitaa la umeme la kwanza kufanikiwa sokoni Marekani, mwaka 1932, lilikuwa la aina hiyo hiyo. Lilikuwa na umbo la kikaango na watu wakaliita kikaango.

Sasa msidhani ni kitu cha wazungu na mbali na sisi. Wazee waliokulia Congo wanamkumbuka Zacharie Elenga, aliyeitwa Jhimmy, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 kule Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, alipendwa kwa gitaa lenye mlio wa Kihawaii hata jina la Hawaii likamfuata. Baadaye, miaka ya 1960, Nico Kasanda, yule Docteur Nico, aliliingiza gitaa hili katika baadhi ya nyimbo zake. Nico alifariki mwaka 1985, lakini mlio ule, kama mtu anaimba bila maneno, bado uko katika masikio ya baba zetu.

Habari ya gitaa la kuuza ilitoka kwa shangazi wa mwanafunzi wetu mmoja. Yeye anauza dagaa, wenyeji wanaita mukene, kule Port Bell. Akapiga simu: kuna mzee jirani yake anayetengeneza redio, ana gitaa la ajabu, fupi kama ubao wa kufulia. Tukaomba karatasi ya safari, tukapanda basi Mbarara, tukalala Kampala kwa ndugu. Nauli tulijilipia wenyewe, haimo katika hesabu yenu.

Kwa wasiopajua, Port Bell ni bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria. Jina linatokana na Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Takisi inapita Bugolobi, Kitintale, halafu Luzira penye gereza kubwa, na barabara inateremka mpaka majini. Reli nayo inafika hapo hapo, mabehewa yanaingia ndani ya meli kwenda Mwanza. Hewa ya ziwa ni nzuri kwa mtu lakini ni mbaya kwa chuma, na hilo tuliliona mara mzee alipotoa gitaa chini ya meza. Nyuzi zilikuwa nyekundu kwa kutu. Jina la kiwanda lilishafutika. Mbao ilikuwa nzima, nzito, haina ufa.

Mzee akasema, kwa Kiswahili cha Kampala, “Nyinyi watoto, hii kitu ni ya zamani sana, ni mzuri. Leta laki tatu na nusu.”

“Mzee wetu, shikamoo,” tukamjibu, “tuangalie kwanza, halafu tuongee.”

Hapa ndipo palipokuwa na hatari, na tulikuwa na jasho mikononi. Pesa haikuwa yetu. Gitaa la umeme linaweza kupendeza kwa nje na ndani likawa maiti. Moyo wake ni kile kidude kilicho chini ya nyuzi, mafundi wanakiita pikapu (si gari!). Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu na elfu. Wimbi la uzi wa chuma likitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, nao ndio unaopelekwa kwenye amplifaya. Waya ukikatika mahali pamoja tu, kwa kutu au kwa kugongwa, hakuna sauti, na kuuzungusha upya ni kazi ya fundi ambaye hapa karibu hatuna.

Ndiyo maana tulibeba mita ya fundi umeme ya shule. Tukaomba ruhusa, tukagusisha ncha zake kwenye nyaya mbili za pikapu. Kama mita ikikataa kabisa kusoma, waya umekatika, rudi nyumbani. Yetu ikasoma kilo-omu 7 na kidogo. Pikapu nyingi nzima za zamani husoma kati ya 5 na 10. Tukatazamana, tukanyamaza, maana muuzaji akikuona umefurahi bei inapanda. Halafu tukaweka bisibisi ndogo karibu na sumaku: ikavutwa kwa nguvu. Tukaangalia pia kama shingo haijapinda, kwa kulitazama gitaa toka mkiani kama mtu anayelenga bunduki. Halikupinda.

Tukamwonyesha mzee kasoro zote. Kitufe cha sauti kilikuwa kinakwaruza, tundu la waya limelegea, ukiliwasha linavuma kama nyuki. Shangazi muuza dagaa akaingilia, akasema ni watoto wa kambini, pesa ni ya kuchanga. Mwishoni tukakubaliana 180,000. Mzee akatuongezea waya wa zamani bure, na ushauri mmoja tunaouthamini kuliko ule waya: “Msibadilishe moyo wake.”

Tunalisema hili kwa sababu mjini tulikutana na fundi aliyetaka kung'oa pikapu aweke mpya ya kisasa, 150,000. Tulikataa. Watu wengi wakinunua kitu cha zamani wanakimbilia kubadilisha kile kilicho kizima, na uchafu unaoharibu sauti wanauacha pale pale. Sisi tulianza na vitu vya bei ndogo.

Cha kwanza, nyuzi. Gitaa hili ni fupi kuliko la kawaida, na uzi mfupi ukiwa mwembamba unalegea na sauti inakuwa kama mbu. Tukachukua nyuzi nene za gitaa la umeme, seti inayoanzia namba 12, na moja ya akiba, zote 45,000. Muuzaji alitaka kutupa zile za shaba za gitaa la kawaida, rangi ya dhahabu, za bei rahisi. Zile sumaku haizisikii vizuri.

Cha pili, chuma cha mkononi. Betri la tochi ni jepesi, uzi unalia na kukata. Chuma kizito kinaufanya uzi uendelee kulia. Tukaenda Katwe, kule mafundi wanakokereza vyuma vya magari na mashine, tukamwomba mmoja akate kipande cha shafti: unene milimita 19, urefu milimita 85, ncha moja imeviringwa kama risasi. Kina uzito wa gramu kama 190. Akachukua 15,000. Tulikisugua wenyewe jioni nzima kwa msasa, kuanzia wa kukwaruza mpaka laini kabisa, maana mkwaruzo wowote kwenye chuma unasikika kwenye spika. Kama mtatukumbuka kwa kazi moja, iwe hiyo. Mikono iliuma siku mbili.

Cha tatu ni ndani. Tulifungua kifuniko, tukakuta waya unaotoka kwenye daraja la nyuzi kwenda upande wa ardhi umeachia. Huo ndio uliokuwa unaleta nyuki. Tone moja la risasi, mvumo ukashuka karibu wote. Kitufe cha sauti tulikipulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, tukakizungusha mara nyingi huku na huku mpaka kikaacha kukwaruza. Tundu la waya tukaweka jipya. Dawa na tundu, 20,000 jumla.

Halafu kuna kile kijiti cha chuma kichwani ambapo nyuzi hupumzika. Mifereji yake ilikuwa imeliwa, nyuzi mbili zimezama, kwa hiyo chuma cha mkononi kilizigusa nusunusu na kutoa mlio wa inzi. Tukaipiga tupa polepole mpaka nyuzi zote sita zikawa usawa mmoja. Pikapu tukaiinua kidogo kwa skrubu zake, si sana, maana sumaku ikikaribia mno inauvuta uzi na sauti inakufa mapema.

Hapo sauti ikawa imefika. Ilibaki spika. Jumapili tulijaribu na zile za pembe za kanisani, za kutangazia, na gitaa likawa kama kengele ya baiskeli. Spika ya pembe ni ya maneno, besi haiijui. Papa mmoja wa zoni yetu akatuazima spika ya kasha la mbao ya redio yake ya zamani, tukaiunga na amplifaya ndogo ya volti 12 kwenye betri la sola. Betri halina mvumo wa jenereta. Sauti ikatoka nene, ya joto.

Tunalikaza hivi, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba: mi, si, mi, sol dièse, si, mi. Ukipiga nyuzi zote bila chuma unapata mi kamili. Weka chuma juu ya mstari wa tano, unapata la. Mstari wa saba, si. Kwa hizo tatu nyimbo nyingi za kanisa na za shule zinapigika. Chuma kikae juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake, na kisikandamizwe. Na vidole vinavyobaki vilale juu ya nyuzi nyuma ya chuma, ili vinyamazishe kelele ya upande ule. Mtu mwenye vidole vizima anafundishwa hilo muda mrefu, maana vidole vyake vinapenda kukunja. Mvulana wetu, vile vidole vyake viwili visivyokunja vinalala pale vyenyewe, vimenyooka. Siku ya kwanza alishika chuma kwa dole gumba, cha shahada na kile cha kati kinachokunja nusu, na kelele haikuwepo. Sisi wenyewe bado inatushinda.

Alikuwa anapiga mlangoni pa darasa wakati wa jioni. Papa mmoja mzee aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni akaushusha, akasimama. Akauliza nani ameweka kanda. Tukamwambia, Papa, si kanda, ni mtoto. Akasema, “Batoto yangu, ile sauti niliacha Bukavu.” Akakaa juu ya kuni zake mpaka giza likaingia, na mkewe akatuma mtu kumtafuta.

Tunajua kuna wazazi waliosema, na wanasema bado, eti watoto hawana madaftari na walimu wananunua gitaa. Hawakosei kuhusu madaftari. Tunajibu tu kwamba pesa hii iliombwa kwa ajili ya gitaa na ikatolewa kwa ajili ya gitaa, na kwamba kwa 312,000 tusingepata gitaa jipya la kudumu pamoja na vifaa vyake. Anayetaka kuona risiti na karatasi ya makubaliano ya Port Bell, zipo ofisini kwa mwalimu mkuu.

Hesabu ni hii: gitaa 180,000, nyuzi 45,000, chuma 15,000, dawa na tundu 20,000. Jumla 260,000. Zimebaki 52,000, na tungependa zitengenezewe sanduku la mbao lenye kitambaa ndani, maana vumbi la kiangazi linakuja na hatutaki kukwangua kutu mara ya pili. Seremala tumempata, mbao bado. Mwenye ubao wa urefu wa mita moja asiouhitaji atuambie. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, na kuna watoto wengine wanne wameshajiandikisha, watatu kati yao wasichana. Chuma ni kimoja, kwa hiyo wanapokezana.