Kula kwa Saa za Mji: Unguja kwa Mfuko Mdogo

Ukiwauliza watu wa Dar es Salaam au Nairobi waliowahi kwenda Zanzibar kupumzika, wengi watakwambia pwani ni nzuri ila chakula kinamaliza pesa. Wanasema kweli, kwa kuwa walikula hotelini walikolala, asubuhi, mchana na usiku. Kwenye migahawa ya ufukweni inayolenga watalii, sahani moja ya samaki wa kuchoma inatosha kulisha nyumba nzima ya Ng'ambo, upande wa mji wanakoishi wenyeji wengi, kwa siku. Lakini Unguja ina watu wake, wanaopata shilingi na kutumia shilingi, na watu hao wanakula vizuri sana. Safari hii nilikwenda kula wanapokula wao, kwa saa wanazokula wao.

Saa ndiyo jambo lenyewe. Chakula cha wenyeji hakikai kikingoja mteja. Supu ni ya asubuhi, wali ni wa mchana, urojo ni wa alasiri, na kila kimoja kikiisha kimeisha mpaka kesho. Mgeni anayeamka saa nne na kutaka chakula cha mchana saa kumi atakuta sufuria zimeoshwa, na mlango utakaokuwa wazi ni wa mgahawa wa watalii.

Asubuhi nilianzia Darajani. Soko lenyewe, lile jengo la zamani lenye paa jekundu, lilijengwa mwaka 1904, na mpaka leo ndilo tumbo la mji. Upande wa samaki, mnada unaendeshwa sakafuni. Changu, kolekole, jodari na ngisi wanamwagwa kwenye saruji yenye maji, dalali anasimama katikati, bei inapanda kwa ishara ya kidole au kutikisa kichwa, na kabla mgeni hajaelewa nani kanunua, fungu limeshaingia ndooni. Wanunuzi ni wenye migahawa, wachuuzi wa mitaani na akina mama wanaopika kwa biashara. Anayetaka samaki mmoja asihangaike na mnada. Aende kwenye meza za wauzaji wa rejareja, na akienda soko linapokaribia kutulia, bei itakuwa imelegea.

Nje ya jengo, mabenchi yamejaa. Nilimsalimia mama mmoja aliyekuwa akitoa maandazi kwenye karai, akaniambia, "Kaa hapo mwanangu, chai inakuja." Ilikuja na hiliki na tangawizi, pamoja na bakuli la maharage ya nazi. Kushoto kwangu alikaa mpagazi, kulia mwalimu aliyekuwa akiwahi shule. Bei waliyolipa wao ndiyo niliyolipa mimi, na haikufika hata bei ya soda moja hotelini.

Mchana, hesabu ya mji ni nyepesi zaidi. Baada ya sala ya adhuhuri, migahawa midogo ya Darajani na ya Mji Mkongwe inapakua wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha au kisamvu, na kachumbari pembeni. Ijumaa tafuta pilau na biriani, ila ujue kwamba wakati wa sala ya Ijumaa maduka mengi yanafungwa. Mgahawa wa kuaminika utaujua kwa wanaokula ndani yake: ukiona makarani wa serikali na madereva wa daladala wamebanana meza moja, ingia. Ukiona meza tupu na mtu mlangoni anayekuvuta mkono, pita.

Alasiri ni ya urojo, na hapa sina haraka. Huwezi kusema umekula Unguja bila kusimama mbele ya meza ya urojo na kuutazama ukitengenezwa. Dada niliyemkuta kwenye kona ya mtaa alikuwa na sufuria moja kubwa ya rojo la manjano, lililopikwa kwa unga wa ngano, bizari ya manjano na embe mbichi, likichemka polepole. Alichukua bakuli, akakatia ndani mbatata zilizochemshwa, akavunja kachori, akatupia bajia, kisha akachota rojo na kulimwagia juu. Ikafuata chatini ya nazi. "Pilipili nitie, kaka?" Nikamwambia atie kidogo. Akamaliza kwa konzi ya chipsi za muhogo, nyembamba na kavu, zilizokuwa bado zinalia mdomoni wakati rojo limeshazizunguka. Anayetaka mshikaki au yai la kuchemsha anaongeza na kulipia. Uchachu wa embe ndio unaobeba bakuli zima. Bila huo, vilivyobaki ni viazi na mchuzi. Bakuli moja linashibisha, nalo linauzwa kwa pesa anayoimudu mwanafunzi anayetoka shule. Wapo wageni wanaolipa pesa nyingi wafundishwe mapishi ya Kizanzibari ndani ya saa mbili, na hapa mpishi anakufundisha yote mbele ya macho yako kwa bei ya bakuli.

Ukishiba, kahawa iko barazani. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, wazee na vijana wanakunywa kahawa chungu ya vikombe vidogo, wanacheza bao na dhumna, wanabishana siasa na mpira. Kikombe kinauzwa kwa sarafu, pamoja na kashata ukitaka. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi mpaka umekaa.

Forodhani nitaipitia upesi. Bustani ile ya mbele ya bahari, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, inapendeza sana jua likizama, na wapishi wenye kofia ndefu nyeupe wanajua kuita. Lakini pale ndipo mgeni anapopoteza pesa upesi kuliko mahali pengine pa wazi mjini, kwa sababu mishkaki ya kamba na ngisi imepangwa bila bei, na hesabu inafanywa baada ya kula. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa motoni. Samaki na ngisi wasioonekana wabichi waache. Nilichokula kwa raha ni ile pizza ya Zanzibar, unga uliotandazwa mwembamba, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa mbele yangu, na gilasi ya juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Nilitosheka.

Kisha nikapanda daladala ya 309 kwenda kijiji cha Jambiani, na huko ndiko nilikoelewa kwa nini chakula cha ufukweni ni ghali. Kutoka mjini ni zaidi ya kilomita 50. Tungule, vitunguu, viazi na mchele mwingi unaoliwa kisiwani vinavuka bahari, vinapakuliwa mjini, halafu vinapandishwa gari kuja pwani ya mashariki. Kila mkono unaovigusa unaongeza chake, na hoteli inaongeza cha mwisho, kikubwa kuliko vyote. Kwa hiyo mtu anayetaka saladi na viazi vya kukaanga Jambiani analipia meli na gari. Anayekula muhogo, shelisheli, ndizi, nazi na pweza anakula vitu vilivyomea au kuvuliwa karibu naye.

Pweza wenyewe niliwaona wakitoka majini. Wakati wa bamvua maji yanakupwa mbali sana, na wanawake wa kijiji wanakwenda kwa miguu mpaka kwenye mwamba, kila mmoja na fimbo ya chuma, wakichungulia mashimo. Wanarudi mchana na pweza wakining'inia, na wachuuzi wanawangoja ufukweni kuwanunua kwa ajili ya hoteli. Mama wa nyumba niliyopanga chumba alinunua mmoja kwa jirani yake kabla mchuuzi hajafika. Alimpiga jiweni mpaka akalegea, akamchemsha kwa maji yake mwenyewe bila kuongeza tone, halafu akatia tui jepesi, kitunguu, tungule na bizari, na tui zito akaliacha mpaka mwisho kabisa, moto umepungua. "Ukilitia mapema linakatika," aliniambia. Tulikula mkekani, sinia moja, na wali. Nimewahi kula pweza wa nazi katika migahawa yenye vitambaa vyeupe mezani, na hakuna aliyemfikia huyu.

Alinitajia bei ya chakula kile, nikalipa. Nasema hivi kwa sababu nimewaona wasafiri, na wengine ni ndugu zetu wa Afrika Mashariki, wanaokataa kugusa bei ya hoteli lakini wanabishana na mama wa maandazi kwa shilingi mia. Huko siko kubana matumizi. Punguzo la kweli linapatikana pale ulipoamua kukaa benchi badala ya mgahawa wa watalii. Ukishakaa benchi, mpe mpishi haki yake, maana unga, mafuta na mkaa navyo vimempandia.

Lipo jambo moja la kupanga mapema. Mwezi wa Ramadhani, migahawa mingi ya wenyeji haifunguliwi mchana, na kula hadharani ni kuwavunjia watu heshima. Lakini alasiri ya Ramadhani mitaa inajaa futari: muhogo na ndizi za nazi, tambi, kunde, sambusa, mkate wa kumimina, uji wa pilipili manga. Anayevumilia mpaka magharibi anakula vizuri kuliko miezi mingine yote, na mara nyingi ataitwa kula na watu asiowajua.

Basi ukipanga safari, kodi chumba chenye chai ya asubuhi tu, au kisicho na chakula kabisa, ukatae ile bei inayojumlisha mlo wa usiku. Nunua maji ya chupa kubwa dukani. Uwe na noti za elfu moja na elfu mbili, kwa sababu wauza chakula wengi hawana chenji ya elfu kumi. Vaa nguo za heshima unapokwenda sokoni. Wahi Darajani kabla jua halijapanda, na dada wa urojo akikutajia bei, mlipe.