Sauti ya Pili

Mama aliimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri, Njombe, na kwa kuwa nyumbani aliimba kutwa nzima, sisi watoto tulizijua nyimbo za kanisani kwa sauti hiyo tu. Nilipoanza kwenda shule ya Jumapili nilishangaa kuwasikia wenzangu wakipanda juu pale mimi niliposhuka. Mwalimu alinisimamisha peke yangu, akasikiliza hadi mwisho wa ubeti, akacheka. "Huyu ni wa mama yake," akasema, akanirudisha kwenye benchi.

Njombe ya miaka ya 1980 ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa. Juni na Julai sakitu ililala juu ya majani ya viazi, na asubuhi tulitembea kwenda shule tukiwa tumeficha mikono kwapani. Malori ya magome ya miwati yalipita kuelekea kiwandani Kibena. Watu wazima waliamkiana "kamwene" kwa Kibena, kisha mazungumzo yakahamia kwenye Kiswahili. Bidhaa dukani zilikuwa haba. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi, sukari ikapimwa kwa kijiko, na nguo mpya ilikuwa habari ya kusimuliana.

Katika dhiki ile Mama alifuma sweta. Alinunua iliyochakaa, akaifumua, akaufua uzi na kuukausha juu ya meko, akaanza upya. Jioni alikaa karibu na moto, sindano mbili mkononi, akihesabu vishono kwa kuimba. Wimbo wa beti nne ulimtosha mistari michache ya sweta ya mtoto, na aliposahau alipofika hakuhesabu tena vishono, alirudi mwanzo wa ubeti. Sweta hizo ndizo zilizotulipia ada na kutununulia madaftari. Baba alikuwa mtu mwema, lakini mshahara wake wa ukarani uliisha kabla mwezi haujafika katikati, na sote tulijua nani anaziba pengo.

Mazoezi ya kwaya yalikuwa Jumatano na Jumamosi. Siku hizo chakula kiliiva mapema, maharage yakiwa yameinjikwa tangu saa nane mchana, na jua lilipozama sote tulikuwa njiani kwenda kanisani, mdogo wetu akiwa mgongoni mwa Mama. Karabai ilining'inizwa kwenye boriti, ikivuma. Mwalimu wa kwaya, ambaye mchana alifundisha shule ya msingi, aliandika sol-fa ubaoni kwa chaki, mstari wa kila sauti chini ya mwenzake. Aligonga gotini kile kichuma chenye ncha mbili, akakiweka sikioni, akawagawia sauti: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila kundi lilishika noti yake kwa mdomo uliofungwa, na kanisa lote likanguruma taratibu kabla neno lolote halijatamkwa. Sijasikia tena kitu kinachonipa utulivu kama kile. Watoto tulilala kwenye mabenchi ya nyuma, tumefunikwa kanga za mama zetu, na kanga yoyote iliyokuwa karibu ilikuwa yako.

Mama alikuwa ameishia darasa la nne. Barua ya serikali aliisoma polepole, kidole kikifuata neno kwa neno. Lakini sol-fa aliisoma kwa jicho moja huku akinyonyesha, na mwalimu alipokosea kuandika alimwambia kwa heshima zote, "Mwalimu, hapo pa tatu, nadhani ni la, si so." Mwalimu alifuta bila ubishi. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti, na bado yeye namhesabu miongoni mwa wasomi wa kweli niliowajua.

Kisha ikaja safari ya Dar es Salaam. Kwaya ilikuwa imealikwa kurekodi Radio Tanzania, redio pekee tuliyoijua wakati ule, na nyimbo zake za dini za Jumapili asubuhi zilisikika kila nyumba. Walichanga fedha mwaka mzima. Walishuka kwa lori hadi Makambako, wakapanda treni ya TAZARA, reli ile ya kilomita 1,860 iliyojengwa na Wachina pamoja na vijana wetu. Kati ya Makambako na Mlimba treni inapita mahandaki mengi, na Mama alisimulia kwamba kila walipoingia gizani mtu mmoja alianzisha wimbo na wenzake wakaudaka, wakatoka upande wa pili wakiwa katikati ya kiitikio. Abiria wa mabehewa mengine walikuja kusimama mlangoni.

Studio ilikuwa Barabara ya Pugu. Waliimba wote kwa pamoja, wamejipanga nusu duara, na akikosea mmoja wimbo ulianza upya. Taa nyekundu ilipowaka hakuna aliyethubutu kusogeza mguu. Mdogo wetu alikuwa na kikohozi, na fundi mitambo hakumtaka mle ndani. Basi akina mama wa sauti ya pili wakapeana zamu: kila wimbo mmoja alitoka nje kumbeba, wenzake wakaongeza nguvu kuziba nafasi yake. Kwa hiyo katika nyimbo zile kuna mmoja ambao Mama hayumo, na hakutuambia kamwe ni upi.

Hatukujua siku ambayo zingerushwa. Kila Jumapili Baba alitoa betri juani, akazirudisha redioni, akaiweka dirishani. Zikapita Jumapili nyingi. Hatimaye mtangazaji akataja jina la usharika wetu na neno Njombe, na majirani wakajaa uani, wengine wakiwa bado na sabuni mikononi. Bibi alilia waziwazi. Mimi nilimtazama Mama, aliyekuwa amesimama na mwiko, kichwa amekiinamisha upande. Wimbo ulipokwisha watu wakapiga vigelegele. Yeye akasema, "Sauti ya tatu wamechelewa kuingia," akarudi jikoni kugeuza ugali.

Jina lake halikutajwa, wala la mwenzake yeyote. Ndivyo ilivyokuwa kwa kwaya zote, na naamini muziki wa Injili wa nchi hii ulijengwa na wanawake wa namna hiyo, waliotoka shambani, wakanawa, wakaenda mazoezini.

Baadaye vikaja vinanda vya umeme, kaseti, kisha video, na waimbaji binafsi wakashika nchi. Wazee wengine wa kwaya walinung'unika. Mama hakunung'unika. Alimpenda sana Rose Muhando wa Dodoma, aliyeanzia kwaya ya kanisa kama wao, na wimbo wake ukianza redioni Mama aliingia na sauti ya pili kutoka jikoni, aliyoitunga pale pale. "Anaimba vizuri mno huyu binti," aliniambia mara moja nilipokuja likizo, "ila wamemwacha peke yake." Kisha akawaita wajukuu waliokuwa wakicheza nje, akawapanga mbele ya meko: wewe ya kwanza, wewe ya tatu, na huyu mdogo aje hapa kwangu.