Kabla Hujauliza Mshahara, Uliza Aina ya Viza (Sehemu ya 6)

Niliahidi sehemu hii iwe ya kumwanzishia mtoto chakula. Itasubiri kidogo. Wiki hii kliniki, hapa hapa Kaloleni, kuna jambo limenikuta na nimeshindwa kulala nalo. Vitu vinavyoweza kumtambulisha mhusika nimevibadilisha, kwa hiyo usianze kukisia ni nani.

Alikuja bibi mmoja amembeba mjukuu wa miezi saba. Mama wa huyo mtoto namjua, msichana mchangamfu, msusi, hajawahi kukosa kliniki hata mwezi mmoja.

"Shikamoo bibi. Mama yake yuko wapi leo?"

"Marahaba mwanangu. Mama yake yuko Uarabuni. Ana mwezi na nusu sasa."

Nikampima mtoto. Ule mstari wa uzito kwenye kadi, uliokuwa unapanda vizuri tangu azaliwe, mwezi huu umelala. Ziwa lilikatika ghafla, bibi anampa uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe aliyoyapunguza kwa maji. Bibi wa watu ameacha migomba yake huko Akheri, amehamia kwenye chumba cha binti yake ili alee. Sikuweza kumgombeza.

Wakati namwandikia tarehe ya kurudi, akatoa simu. "Nesi, wewe umesoma. Hebu niangalizie, hii karatasi ndiyo ya kazi?"

Ilikuwa picha ya viza ya binti yake. Viza ya matembezi, siku 30. Nikahesabu kichwani: mwezi na nusu ni siku 45.

Jamani, nilikaa kimya. Nilijua bibi anasubiri jibu, lakini nilikuwa najiona mimi mwenyewe, maana nusura niingie kwenye shimo linalofanana na hilo, na mimi ndiye huyo "aliyesoma".

Januari 2024 kuna mtu alinifuata akasema anapeleka watu Uingereza kulea wazee. Mshahara alioutaja ulinifanya nisahau kuuliza kingine chochote. Nikachukua mkopo wa 1,800,000 kwenye kikoba, nikampa kama "cha kuanzia". Mwanangu wa pili alikuwa na miaka miwili. Nikamuuliza yule wakala kuhusu watoto, akasema, "Nenda kwanza, watafuata."

Ukweli ni kwamba mwezi mmoja kabla, Desemba 2023, serikali ya Uingereza ilikuwa imeshatangaza kwamba walezi wanaoomba viza hawataruhusiwa kuleta mume, mke wala watoto. Sheria ikaanza tarehe 11 Machi 2024. Mimi nimekuja kuisoma Machi hiyo hiyo, usiku, kwenye simu, watoto wamelala pembeni yangu. Nikampigia wakala asubuhi. Akarudia, "Watafuata." Nikamwambia sheria inasema hawafuati. Akakata simu. Hela sikuiona tena, na deni la kikoba nililipa mpaka mwisho wa mwaka.

Usinionee huruma, wapo waliopoteza viwanja. Nakusimulia ili uone kosa langu lilikuwa wapi. Sikuuliza aina ya viza. Niliuliza mshahara tu, na mshahara hauwezi kukuambia kama mwanao ataruhusiwa kuishi na wewe, wala kama utaweza kuondoka kwa mwajiri akikutesa. Hayo yote yameandikwa kwenye aina ya viza.

Kwa hiyo ukiitiwa kazi nje, wewe au mumeo au mdogo wako, uliza maswali haya matatu kabla hujatoa hata shilingi.

La kwanza: hii viza ni ya kazi au ya matembezi? Ukiambiwa "ingia na ya matembezi, tutaibadilisha ukifika", simama hapo hapo. Katika nchi za Ghuba kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa. Siku zikipita unadaiwa faini, na ukinyimwa mshahara unaogopa hata kwenda polisi kwa sababu wewe mwenyewe huna karatasi. Mwajiri mbaya analijua hilo vizuri.

La pili: viza imefungwa kwa nani? Nchi nyingi za Ghuba zina utaratibu wa kafala, yaani mwajiri ndiye mdhamini wako. Ukitoka kwake bila ruhusa anaweza kuripoti kwamba umetoroka, na ukaonekana wewe ndiye mkosaji. Qatar ililegeza mwaka 2020, mfanyakazi akaruhusiwa kubadili mwajiri bila barua ya kibali kutoka kwa yule wa zamani. Kwingine bado kuna ugumu, hasa kwa dada wa kazi za ndani. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti Novemba 2017 kuhusu Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara kukatwa. Wapo wanaopata mabosi wazuri, wanajenga, wanasomesha. Lakini wema wa bosi huwezi kuuona ukiwa Kaloleni. Mkataba unaweza kuuona. Udai kwa lugha unayoisoma, wenye jina la mwajiri, mshahara na siku ya kupumzika.

La tatu: watoto wangu wako wapi kwenye hii viza? Mfano mzuri ni Uingereza. Nesi aliyesajiliwa na mlezi wa wazee walikuwa wanatumia viza ya jina moja, ya wafanyakazi wa afya na huduma. Nesi akaendelea kuruhusiwa kwenda na familia, mlezi akakatazwa. Halafu tangu tarehe 22 Julai 2025 mlango wa walezi wapya kutoka nje umefungwa kabisa. Kwa hiyo mtu anayekuuzia leo "kazi ya kulea wazee UK" ukiwa hapa Arusha, anakuuzia mlango uliofungwa. Na kile cheti cha udhamini wanachokiita CoS hutolewa na mwajiri mwenye leseni, hakiuzwi. Orodha ya waajiri wenye leseni ipo wazi kwenye tovuti ya serikali yao, bure. Tafuta jina la kampuni humo kabla hujaenda kukopa.

Manesi wenzangu, njia yetu ipo ila ni ndefu: mtihani wa Kiingereza, usajili wa baraza lao la NMC, mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo ukishafika kule. Tanzania ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa mwongozo wa Uingereza mawakala hawatakiwi kuja kutuchukua huku. Unaruhusiwa kuomba wewe mwenyewe moja kwa moja. Akija mtu mtaani anasema katumwa kukusanya manesi, muulize katumwa na nani.

Vijana mliomaliza kidato cha nne au cha sita, Ujerumani kuna mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu unayolipwa huku unasoma, lakini lugha yao lazima uijue kwanza. Ni kazi ya mwaka au zaidi, si ya wiki mbili. Na kabla ya kumwamini wakala yeyote, pita ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama ana kibali cha kupeleka watu nje.

Pasipoti, kwa taarifa yako, ni 150,000. Anayekutajia laki tano anajilipa mwenyewe.

Sasa turudi kwa bibi. Nilimwambia ukweli, kwa upole, kwamba karatasi ile si ya kazi. Akakaa chini. Tulimpigia binti yake pale pale. Alipokea kwa kunong'ona, yuko jikoni, pasipoti anayo mama mwenye nyumba. Nikamwambia afanye mambo matatu usiku huo: apige picha kila karatasi aliyonayo, amtumie mama yake anwani kamili ya nyumba anayofanyia kazi, na atafute namba ya ubalozi wetu katika nchi aliyopo. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Dada nesi, mtoto anakula?"

Nikamjibu anakula. Kisha nikakata simu nikamfundisha bibi uji mzito wa karanga, yai, parachichi la kuponda, milo mitatu kwa siku, na maziwa yasiongezwe maji.

Mpaka naandika hapa, binti ameshaongea na ubalozi, ila bado hajarudi. Bibi ameniletea ndizi, nimezipokea. Mtoto anatakiwa arudi kliniki akifika miezi tisa kwa chanjo ya surua na rubela. Tarehe nimeiandika kwenye kadi, na bibi kaomba nimwandikie nyingine kwenye karatasi, ampigie picha mama yake amtumie.

Sehemu ya 7, Mungu akipenda, ni chakula cha mtoto kama nilivyoahidi. Usiku mwema.