Sura ya Uso, Sura ya Kitabu

Neno sura hubeba maana mbili katika Kiswahili: uso wa mtu na sehemu ya kitabu. Katika Kiarabu hayo ni maneno mawili, moja huandikwa kwa sad na jingine kwa sin. Kiswahili kimeyapa umbo moja. Nami niliyesomesha lugha hii mjini Sumbawanga hadi kustaafu, nauona muungano huo kuwa wa hekima, hasa nizitazamapo picha za waigizaji wa kale.

Mwaka 1854, mjini Paris, mpigapicha Disdéri alipata hataza ya kutoa picha ndogo kadhaa katika bamba moja. Bei ikashuka. Picha hizo zilibandikwa juu ya kadi yenye upana wa sentimita 6 hivi na urefu wa 10, nao Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria wakazinunua na kuzipanga katika albamu: wafalme, viongozi wa dini, waigizaji wa jukwaani. Asiyekuwa na kiingilio cha ukumbi aliweza kwenda nyumbani na sura ya mwigizaji.

Miongoni mwa waliopigwa picha ni Ellen Terry, aliyeigiza Portia katika ukumbi wa Lyceum, London, mwaka 1879. Portia huyo twamjua kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, katika Mabepari wa Venisi, 1969. Wanafunzi wangu walimsoma kwa zamu, kwa sauti, upepo wa Ufipa ukigongagonga madirisha. Hawakuwahi kuona jukwaa la tamthilia ile. Walikuwa na maneno bila sura. Mwenye kadi leo ana sura bila maneno. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua upungufu wa wanafunzi wangu.

Siti binti Saad ametuachia vyote. Mwana huyu wa Fumba, Unguja, aliyetembeza vyungu kabla ya umaarufu, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Picha yake ipo, sauti yake ipo, na Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Sura ya uso ikapata sura za kitabu.

Marehemu mama yangu aliongoza nyimbo za kupura ulezi, akiitwa hata vijiji vya mbali. Ninayo picha yake moja tu, ya pasipoti, ndogo kuliko hata kadi za Disdéri, naye amefumba mdomo. Wajukuu huifuta vumbi kwa heshima. Hakuna anayejua kwamba mdomo ule uliimba, ila sisi tuliousikia.

Basi, washairi wenzangu, kabla bibi zenu hawajapigwa picha, waombeni waimbe, nanyi mwandike. Mimi nimekwisha kuandika nyimbo sita, kwa Kifipa kwanza, kisha kwa Kiswahili. Jumapili hii ni zamu ya wimbo wa saba. Dada yangu ndiye pekee anayekumbuka ubeti wake wa mwisho, naye ana miaka 80.