Fisi-maji wa Ziwa Viktoria



Tulikwenda Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kuhudhuria ndoa ya jamaa zetu. Baada ya sala ya alfajiri mwenyeji wetu, ambaye ni mvuvi, alitupeleka ufukweni. Vichwa vitatu vikaibuka majini, vikazama, vikaibuka tena.

"Hao ni fisi-maji, Sheikh. Wanatupasulia nyavu. Je, tukiwaua tuna dhambi?"

Jina limemdhulumu mnyama huyu. Si fisi, ni wa ukoo wa nyegere. Ana madoa meupe shingoni, vidole vilivyounganishwa kwa ngozi, na sharubu za kuhisi windo. Hula hasa samaki wadogo, naye huwatafuta kwa macho. Maji yakichafuka kwa udongo na taka, hupata njaa. Wala hapumui ndani ya maji: akinaswa wavuni, hufa maji. Mama ndiye mlezi. Akifa, wachanga hawana wa kuwalisha.

Tulimjibu ndugu yetu kwamba hasara ya wavu si ndogo, na kumfukuza mnyama ni haki yake. Lakini kumwua kwa kisasi, hali naye anatafuta riziki aliyopewa na Mola, hilo hatuliruhusu.

Alinyamaza kitambo. "Basi nyavu nitazikagua mapema," akasema, "na wanangu nitawakataza kumpiga mawe."

Akina mama, hilo la mawe ni letu pia. Huruma kwa mnyama mtoto hufunzwa nyumbani, angali mdogo.