Bawabu wa Usiku

Stima ilirudi saa tano usiku. Kompyuta kuukuu ya Mama, isiyo na betri ya maana, ikawaka na kuandika: grub rescue. Nikachoka. Nilikuwa naiwekea Ubuntu kando ya Windows, stima ikapotea katikati. Ndani mlikuwa na hesabu za chama chake, sikuwa nimenakili popote, na mkutano ni kesho mchana, hapa hapa Machakos.

GRUB ni kama bawabu: huamka kwanza, akuonyeshe mfumo uko chumba gani. Bawabu wangu alikuwa macho, ila hajui vyumba viko wapi. Nikaanzisha mashine kwa ile flashi, nikakuta mafaili yote yapo. Nikapumua. Nikafungua sehemu ya Linux, nikaandika grub-install, kisha update-grub. Saa nane, Windows ikafunguka.

Asubuhi nikaungama. “Mwaitu, nusura nipoteze vitabu vya chama.”

Akachomoa daftari la kurasa 96 chini ya godoro. “Mimi huandika huku kwanza. Kwa mashine naandika ndio ufurahi.”