Mzigo Niliotua Njiani

Ofisini kwetu hapa Tabora nilijijengea jina la mtu wa kusafiri kwa hela ya mboga. Wenzangu wakienda likizo kijijini, mimi nilikuwa narudi na picha za bahari, na watu wananiuliza nimeokota wapi fedha. Siri yenyewe ilikuwa ndogo: daraja la tatu, mihogo ya kuchoma, kulala stendi bila aibu, na kusafiri peke yangu ili pasiwe na wa kunilalamikia. Agosti 2023 nikavuka mpaka kwa mara ya kwanza. Nilikwenda Lamu na kurudi kwa laki nne za Tanzania. Hesabu ya safari hiyo nimeisimulia mara nyingi, shilingi kwa shilingi, na kila mara kuna mstari mmoja nilikuwa nauruka.

Njia naijua kwa kichwa. Gari moshi kutoka Tabora hadi Dar, gunia la mtu mwingine likiwa mto wangu. Basi hadi Tanga, kisha Horohoro; pasi ikagongwa muhuri, kadi ya homa ya manjano ikatazamwa. Upande wa pili, Lunga Lunga, matatu hadi Likoni. Kwenye kivuko cha Likoni mwenda kwa miguu halipi kitu, nami nilivuka nikitabasamu kama aliyeiba. Kutoka Mombasa basi likapita Malindi, Garsen, Witu, tukishushwa kila kizuizi kuonyesha vitambulisho, hadi Mokowe barabara inapoishia majini. Hapo unaingia boti, na mji unakujia polepole: kuta nyeupe, majahazi yamelala ubavu, punda wamebeba mchanga wa ujenzi.

Nyumba za wageni za ufukweni zilinishinda bei. Kijana mmoja gatini akaniambia kwao kuna sabule, chumba cha wageni, shilingi mia tano za Kenya kwa usiku. Nyumba ilikuwa ya mawe, kuta nene, ndani kumechongwa zidaka zenye sahani za zamani. Mwenye nyumba alikuwa bibi yake, amepita miaka themanini, ameketi juu ya mkeka akichambua mchele kwa vidole, maana macho yalikuwa yameshapungua nuru.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikampa chupa ya asali niliyobeba kutoka nyumbani. Akaifungua, akanusa, akaweka tone ulimini.

"Asali ya wapi hii?"

"Ya Tabora, bibi. Ya nyuki wa miombo."

"Tabora ndiyo Unyanyembe?"

Nikasema ndiyo. Mikono yake ikasimama juu ya mchele.

Alimwagiza mjukuu kopo la maziwa ya unga. Ndani, chini ya vyeti na risiti, mlikuwa na barua iliyofungwa kwa kitambaa. Karatasi imegeuka rangi ya chai ya rangi, mikunjo imetoboka hadi mwanga unapita, mwandiko wa herufi za Kiarabu lakini lugha ni Kiswahili. Kijana aliisoma kwa kuvizia neno baada ya neno, na midomo ya bibi ilikuwa inamtangulia. Aliyeiandika ni babu yake bibi, mzaa baba. Aliondoka pwani na msafara wa biashara, mwanawe akiwa bado wa kunyonya, reli ikiwa haijafika kwetu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo ni miguu tu. Alisema yuko Kwihara, afya njema, nchi ina asali nyingi, mvua zikikatika atarudi. Barua ya pili haikuja.

"Ndia ya huko waiyua?" akaniuliza.

Kwihara iko kilomita chache tu kutoka mjini kwetu. Ndipo lilipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Nilipelekwa huko na mwalimu nikiwa darasa la tano, na ninachokikumbuka zaidi ni soda niliyonunuliwa. Nikasema, "Naijua sana, bibi."

Akauliza kama makaburi ya zamani yapo. Nikasema yapo. Yanatunzwa? Yanatunzwa. Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini alikuwa amenigeukia kwa uso wote, na mimi nikaendelea: nikamwambia kuna kaburi moja chini ya mwembe, wazee husema ni la mtu wa pwani, na kila baada ya masika watu hulifagia majani. Sijui nililitoa wapi. Lilitoka laini, na mwembe wake, na majani yake.

Bibi alifunika uso kwa mtandio. Jioni ile niliandaliwa samaki wa kupaka, na nilipotoa mia tano yangu mjukuu akaurudisha mkono wangu mfukoni. Bibi amekataa, akasema. Wewe si mgeni tena. Nililala siku sita bila kulipa, asubuhi mahamri na mbaazi, mchana natembea hadi Shela kuogelea. Usiku nilikuwa naandika matumizi kwenye daftari: malazi, sifuri. Nilifurahia ile sifuri, na nilijua vizuri imetoka wapi.

Siku ya kuondoka alinipa furushi. Chupa ya marashi, ubani, vipande viwili vya udi, na shilingi elfu tano za Kenya, noti moja moja za mia mbili na mia tano, zimefungwa pindo la kanga kama zinavyofungwa na mtu aliyeziweka muda mrefu. Zilikuwa karibu laki moja ya kwetu. Nimnyunyizie babu marashi, nichome ubani, niite watoto wa madrasa wamsomee khitma, wale washibe. "Wewe ndiye mpagazi wangu," akasema, akacheka kidogo.

Mimi ni Mnyamwezi. Kwetu neno hilo lina uzito wake. Babu zetu walishuka pwani na pembe na kupanda na nguo na shanga, frasila mbili begani, kilo 30 na ushei, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe. Burton na Speke walitumia siku 134 kwa njia hiyo mwaka 1857, nao hawakubeba mizigo. Na si Wanyamwezi peke yao. Susi na Chuma na wenzao walipokuwa wanaurudisha mwili wa Livingstone mwaka 1873, walipita hapa hapa kwetu, na Waingereza waliowakuta wakawashauri wamzike papo hapo wapumzike. Wakakataa. Walimfikisha Bagamoyo Februari 1874. Hadithi hiyo naijua tangu shule, na nilimsimulia bibi mwenyewe nikiwa kwenye mkeka wake, nikila chakula chake.

Mzigo wangu haukufika hata kilo. Niliutua Diani.

Ningependa kusema niliibiwa. Sikuibiwa. Nilifika Mombasa nikiwa na nauli kamili ya kunifikisha Tabora, nikajiambia haiwezekani kupita pwani ya kusini bila kuona ule mchanga mweupe, na kule Diani hela yangu haikutosha usiku hata mmoja. Nikafungua pindo. Nilijiambia nitairudisha nikipokea mshahara. Siku mbili. Nilikula pweza, nikapiga picha nyingine nzuri. Nyumbani, mama alinusa mkoba wangu akasema nimemletea marashi mazuri. Sikumbishia. Udi alichoma kwenye harusi ya binamu yangu.

Mshahara ukaja ukaenda. Mwezi wa pili mjukuu akaandika: bibi anauliza kama umeshamfikia babu. Nikajibu kazi zimebana. Wiki iliyofuata, swali lile lile, kwa adabu ile ile. Jumamosi moja nikachukua bodaboda hadi Kwihara. Nilizunguka nusu saa nikitafuta kitu kinachofanana na uongo wangu, na mabaya yake ni kwamba nilikipata: mwembe mkubwa, na chini yake mawe yamepangwa kwa urefu wa mtu, hayana jina. Nikafagia majani kwa kiatu. Nikapiga picha nikaituma, nikaandika, "Tayari, bibi. Tumemsomea."

Jibu lilikuja kwa sauti. Alikuwa analia na kuniombea dua kwa pamoja. Alimtaja mama yangu, akamwombea na yeye, aliyenizaa. Niliisikiliza nusu, nikaizima. Mpaka leo sijaimaliza.

Baada ya hapo ikawa kila Ijumaa salamu. Mjukuu akaniambia ile picha ameitoa kwa karatasi, imewekwa kwenye kidaka kimojawapo pamoja na barua. Mwaka 2024 ulipokuwa unaelekea ukingoni akaandika ujumbe mrefu kidogo. Wanataka kuja, yeye na mamake, na bibi akiweza. Hela si nyingi. Na kwa kuwa mimi ndiye bingwa wa safari za bei nafuu, niwaandikie njia.

Nikaanza kuwaandikia. Likoni hamlipi, nikaandika. Horohoro fikeni mapema. Kutoka Dar siku hizi kuna treni ya umeme hadi Dodoma, bibi hatachoka sana. Kutoka Dodoma basi hadi Tabora. Kutoka Tabora mjini hadi Kwihara... Hapo kidole kikakwama. Nilikiona kile kibibi kinashushwa kwenye bajaji, kinashikwa mkono kupelekwa kwenye mawe ya mtu mwingine.

Nikampigia mjukuu nikamwambia yote: kaburi, fedha, Diani, marashi. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?" Nikasema mwambie wewe. Hata hilo sikulibeba. Siku ile ile nikatuma elfu tano kwa simu. Zilipokelewa, hakuna aliyesema neno.

Siku nne. Ya tano, Ijumaa, ikaingia sauti ya bibi. Niliiacha mpaka usiku, nikatoka nje kwenda kuisikiliza karibu na banda la kuku, watu wa ndani wasisikie. Nilitegemea laana, na nadhani ningeipokea kwa nafuu. Hakutaja fedha. Hakutaja uongo. Alikohoa, akauliza tu kuhusu yule mwenye mawe ya kwenye picha: "Yuna watu?"

Sijamjibu. Nimerudi Kwihara mara mbili kuuliza wenyeji, na mara zote mbili nimeshindwa kuupata ule mwembe. Miembe kule ni mingi.